Kitu cha kuazima kiandikwe, hata kiwe mdoli wa mtoto

Ijumaa hii napenda tuzungumze jambo ambalo baadhi yetu wataliona dogo: vitu vya kuchezea watoto, namna ya kuviazimisha, na namna ya kuviandika. Ni dogo kwa umbo, lakini ndani yake mna amana, mna haki za watu na mna ujirani. Mambo hayo matatu hayajapata kuwa madogo katika dini yetu.

Atembeaye katika mitaa ya Mukendo, mjini Musoma, baada ya swala ya Alasiri, huwakuta watoto wakikokota magari ya waya yenye magurudumu yaliyokatwa kutoka kandambili kuukuu, au wakipiga mpira wa matambara. Ni watoto wenye akili na mikono myepesi. Katika nyumba nyingine za mtaa huohuo, mna vitu vya dukani vilivyochezewa mwezi mmoja kisha vikasahauliwa chini ya kitanda: matofali ya mbao, karata za herufi, mafumbo ya vipande, keram, mdoli mwenye mkono mmoja. Mwenye navyo havimfai tena, na asiye navyo hana njia ya kuvifikia. Dawa ya hali hii inajulikana, nayo ni kuvikusanya mahali pamoja, katika kabati la madrasa au chumba cha kina mama, na kuviazimisha kwa familia kama vitabu vinavyoazimishwa maktaba.

Fikra hii si ngeni duniani. Mjini Los Angeles, Marekani, mpango wa kuazimisha watoto vitu vya kuchezea ulianza mwaka 1935, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, wazazi wengi walipokuwa hawana cha kununulia. Mjini Stockholm, Sweden, ilianzishwa nyumba ya namna hiyo mwaka 1963 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu. Huko Enfield, Uingereza, mwaka 1967, mama mmoja aitwaye Jill Norris, mwenye watoto walemavu, alianza kuazimishana vitu hivyo na wazazi wenzake, na mfano wake ukaenea nchi nzima. Nao Umoja wa Mataifa, mwaka 2024, uliitenga tarehe 11 Juni ya kila mwaka kuwa siku ya kimataifa ya michezo ya watoto.

Wala tusidhani kuwa ni jambo la Wazungu peke yao. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya waliomba msaada ili watoto wao wapate malezi ya awali yaliyochanganya dini na elimu ya shule. Kukazaliwa Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa chini ya Wakfu wa Aga Khan, ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Walimu wa mpango huo walifundishwa kutengeneza vifaa vya kuchezea na kujifunzia kwa vitu vya kawaida vinavyopatikana pale kijijini. Kwa hiyo mtoto wa madrasa kujifunza kwa kucheza ni jambo lililokwisha kujaribiwa katika ardhi yetu.

Ama kwa upande wa dini, mlango uko wazi. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akicheza na midoli nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na rafiki zake wakija kucheza naye. Katika mapokezi ya Abu Daud imetajwa kwamba miongoni mwa vitu vyake alikuwa na farasi mwenye mabawa mawili ya kitambaa. Alipoulizwa na Mtume kuhusu mabawa yale, alijibu kwa habari za farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka. Kwa ajili ya mapokezi haya, wanazuoni wengi wameitoa midoli ya watoto katika hukumu ya sanamu zilizokatazwa.

Na kuhusu kuazimana, tunayo sura nzima, ya 107, iliyoitwa Al-Maun. Ibn Masud (r.a.) na wafasiri waliomfuata wameeleza kuwa makusudio ya neno hilo ni vitu vidogo vya nyumbani ambavyo majirani huazimana, kama ndoo na chungu. Sura hiyo inawakemea wanaovizuia. Sasa, ikiwa kumnyima jirani ndoo ni jambo la kukemewa, tufikirie hali ya anayeacha matofali ya mbao yaoze chini ya kitanda ilhali mtoto wa jirani hana cha kuchezea.

Mpaka hapo nadhani tunakubaliana. Ugumu unaanza pale kitu kinapotoka kabatini. Vyama vingi vya kuazimana katika misikiti na mitaa yetu, vya masufuria, vya viti, vya maturubai ya misibani, havikufa kwa ubahili. Vilikufa kwa kukosa maandishi. Fulani anasema alirudisha, mtunzaji anasema hakupokea, shahidi amesafiri, na daftari limeloa mvua. Watu wawili waliokuwa wakiswali safu moja wanaanza kukwepana macho. Kitu chenyewe kina thamani ya shilingi elfu tano, lakini udugu uliovunjika hauna bei. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kuandika makala haya. Rai yangu ni kwamba anayetaka kuazimisha vitu vya watoto kwa familia nyingi, na aanze na kanzidata kabla ya kukusanya kitu cha kwanza.

Kanzidata ni nini? Neno limeundwa na kanzi, yaani hazina, ambalo sisi wa madrasa tunalijua kwa asili yake ya Kiarabu, na data, yaani taarifa. Ni programu ya kompyuta inayohifadhi taarifa katika majedwali yaliyofungamana. Msingi wa kuzifunganisha taarifa kwa namna hii uliwekwa mwaka 1970 na mtaalamu aitwaye Edgar Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM. Kwa kazi yetu, majedwali matatu yanatosha. La kwanza ni la vitu: kila kitu na namba yake, jina lake, idadi ya vipande vyake, hali yake, na aliyekitoa. La pili ni la familia: namba, jina la mzazi au mlezi, mtaa na simu. La tatu ni la uazimaji: namba ya kitu, namba ya familia, siku kilipotoka, siku kinapotakiwa, siku kiliporudi, na kilirudi katika hali gani.

Ubora wake ni kwamba jina la mzazi huandikwa mara moja tu. Akibadilisha namba ya simu, hurekebishwa mahali pamoja, na kumbukumbu zote za uazimaji wake zinafuata. Na ukitaka kujua vitu gani vimepita siku zake, huhitaji kufunua kurasa. Unaiuliza programu, nayo inakujibu mara moja.

Atasema msemaji: daftari latosha, wazee wetu walitumia daftari. Nami nasema kweli, kwa vitu ishirini na majirani kumi daftari latosha, na kuleta kompyuta ni israfu. Lakini tuhesabu. Tuchukulie mfano wa vitu 200 na familia 60, kila familia ikiazima vitu viwili kwa kila majuma mawili. Hiyo ni mara 120 za kutoa kwa majuma mawili, ambayo kwa mwaka wa majuma 52 ni mara 3,120. Ongeza kurudi kwake, utaandika mistari 6,240 kwa mwaka mmoja. Daftari la kurasa 200, lenye mistari 30 kila ukurasa, linakwisha kabla ya mwaka. Na ili kumjua aliyebaki na kitu, mtunzaji hana budi kuupekua mwaka mzima, mstari kwa mstari. Hatafanya hivyo. Atakisia, na kukisia katika haki za watu ni mlango wa dhulma.

Tena vitu vya watoto si kama vitabu. Kitabu hurudi kizima au hakirudi. Fumbo la vipande 24 hurudi na vipande 23, na kwa upungufu huo mmoja limeharibika kwa mtoto anayefuata. Kwa hiyo idadi ya vipande ihesabiwe mbele ya aazimaye wakati wa kutoka na wakati wa kurudi, na zote mbili ziandikwe. Kisha kila kitu kisafishwe kwa maji na sabuni kabla ya kwenda nyumba nyingine, kwa kuwa watoto wadogo hutia kila kitu mdomoni, na siku ya kusafishwa iwe na nafasi yake katika jedwali. Twahara ni sehemu ya dini yetu, na afya ya mtoto wa jirani ni amana.

Sasa tuingie katika jambo ambalo watengenezaji wa programu hawawezi kutuamulia, nalo ni hukumu ya kitu kilichoharibika. Kuazimisha kitu bila malipo, na chenyewe kirudi, kwa istilahi ya fiqhi huitwa ariya. Siku ya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, Mtume (s.a.w.) aliazima deraya kwa Safwan bin Umayya, ambaye wakati huo hakuwa amesilimu. Safwan alipouliza kama zinachukuliwa kwa nguvu, alihakikishiwa kuwa ni za kuazima, na zina dhamana. Kutokana na hadithi hiyo, madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, yanasema kuwa aliyeazima ni mdhamini wa kitu hata kama hakuzembea, isipokuwa kama kimechakaa kwa matumizi yaleyale yaliyoruhusiwa. Wenzetu wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa wao wamemhesabu kuwa ni mwenye amana, halipi mpaka azembee.

Tazama jinsi hukumu hii inavyomgusa mama maskini wa Mukendo. Mwanawe ameazima gari la mbao, akalichezea kama magari yanavyochezewa, gurudumu likachomoka. Je, alipe? Hapana. Limeharibika kwa matumizi yaliyoruhusiwa, kwa kuwa liliazimishwa ili lichezewe. Lakini kama limepotea, au limefanywa kuni, hapo dhamana inamhusu, naye hulipa thamani ya siku lilipoharibika, si bei ya siku liliponunuliwa jipya. Mama huyu akiambiwa kuwa kila kinachovunjika atalipa, hatakuja tena, na waliokusudiwa kusaidiwa watakuwa wa kwanza kukimbia. Kabati litabaki la wenye uwezo, ambao hawakulihitaji.

Kwa hiyo katika jedwali la tatu pasiandikwe neno kimeharibika peke yake. Pawe na nafasi za kutenganisha: kimechakaa kwa kuchezewa, kimepotea, kimeharibiwa kwa matumizi mengine, kimesamehewa. Programu isiyotenganisha mambo haya itawadhulumu watu kwa haraka zaidi kuliko daftari.

Vilevile aliyeazima asimwazimishe mwingine bila idhini. Ndiyo kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, na ndiyo kinga ya kitu kisihame kutoka Mukendo hadi Nyasho bila mtu kujua. Na mwazimaji awe ni mzazi au mlezi, si mtoto, kwa kuwa mtoto hafungiki na mikataba. Jina la mtoto halina haja ya kuingia kabisa. Umri wake unatosha ili apewe kinachomfaa, wala asipewe chenye vipande vidogo vya kumkaba koo.

Wako watakaotaka kutoza ada ya kila kitu kinachotoka. Si haramu, lakini wajue wamebadilisha mkataba. Kuazima kwa malipo ni ijara, yaani kukodisha, nayo inataka malipo na muda vijulikane tangu mwanzo. Na katika ijara mkodishaji ni mwenye amana: kitu kikipotea bila uzembe wake, halipi. Hamwezi kuchukua ada ya ijara na dhamana ya ariya kwa pamoja. Rai yangu ni kuiacha ariya ibaki ariya, bila ada wala faini ya kuchelewa. Anayechelewa akumbushwe kwa ujumbe wa simu, na asipewe kingine mpaka arudishe cha kwanza. Gharama za sabuni na gundi zitoke katika sadaka, na sadaka hizo nazo ziandikwe.

Na vitu vyenyewe viwe vya nani? Bora viwekwe wakfu. Wafuasi wa Imam Shafii wamejuzisha wakfu wa vitu vinavyohamishika, maadamu vinaweza kunufaisha na vyenyewe vikabaki. Aliyetoa wakfu ana haki ya kujua kuwa sharti lake linatekelezwa, na msimamizi ana wajibu wa kutoa hesabu. Kanzidata itamwezesha kusimama mbele ya jamaa kila mwaka na kusema: tulipokea vitu kadhaa, viliazimwa mara kadhaa, vilivyochakaa ni hivi, vilivyopotea ni hivi. Wakfu wenye hesabu huzaa wakfu mwingine.

Kuhusu gharama, programu za bure zipo. Koha, ambayo ni programu kamili ya maktaba, ilianza kutumika New Zealand mwaka 2000, na jina lake kwa lugha ya Wamaori maana yake ni zawadi. Lakini hiyo ni kubwa kwa kabati moja. LibreOffice inayo programu ya kanzidata isiyolipiwa, na kompyuta moja iliyotumika inaiweza. Lugha nayo isiwe kisingizio, kwani tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, iliyoonyesha kuwa kompyuta inaweza kusema Kiswahili. Majina ya majedwali yenu yaandikeni kwa Kiswahili, ili kila mama ayasome. Umeme ukikatika, andikeni katika karatasi na mwingize baadaye siku hiyohiyo. Na kila Ijumaa nakala ya kanzidata ihifadhiwe katika flashi na kuwekwa nyumba nyingine, kwa maana moto na mwizi hawaulizi.

Jambo jingine ni siri za watu. Ukurasa wa daftari anaousoma mmoja husomwa na wote waliojipanga nyuma yake, na orodha ya wenye kuchelewa ikibandikwa ukutani ni kumfedhehesha Muislamu. Kanzidata yenye neno la siri humsitiri mtu. Lakini pia inaweza kumwanika zaidi ikichezewa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini mwetu mwaka 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume, azikusanye kwa lengo halali na azilinde. Basi chukueni zinazohitajika tu. Dini ya mtu, kabila lake na kipato chake havihusiani na gari la mbao. Na majirani zetu Wakristo nao waandikwe wakija, kwani kama Mtume (s.a.w.) aliazima kwa asiyekuwa Muislamu, hatuna sababu ya kumfungia kabati mtoto wa jirani.

Mwisho, mashine haina uadilifu. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Inawataka watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa, pamoja na muda wake, na inamtaka mwandishi awe mwadilifu. Ariya si deni la fedha, lakini hekima ni moja. Sayyidna Umar (r.a.), dola ilipopanuka na watu wakawa wengi, hakuona haya kuanzisha diwani, yaani madaftari ya serikali, jambo ambalo halikuwapo kabla yake. Alichukua utaratibu uliotumiwa na mataifa mengine kwa sababu ulilinda haki za watu. Sisi nasi tukichukua programu ya kompyuta kwa sababu hiyohiyo, hatujatoka katika mwendo wa waliotutangulia.

Huyo mwandishi tumtafute kwa uaminifu kwanza, na kwa ujuzi wa kompyuta baadaye, kwani ujuzi hufundishika kwa majuma machache. Wala tusisite kumteua mwanamke. Nyaraka za Qurani zilizokusanywa zama za Abu Bakr (r.a.) ziliishia mikononi mwa Bibi Hafsa binti Umar (r.a.). Khalifa Uthman (r.a.) alipotaka kunakili misahafu, aliziazima kwake, na alipomaliza alizirudisha kwake. Khalifa mwenye dola kubwa aliazima, akatumia, akarudisha. Ni adabu gani ya kuazima tuitakayo zaidi ya hiyo?

Basi, ndugu zangu wa Mukendo, wa Bunda na wa Butiama, na kila familia inayosoma ukurasa huu, wiki hii tazameni chini ya vitanda vyenu. Hesabuni vilivyopo, vyenye kufaa vitengeni, kaeni kina baba na kina mama wachache mpange majedwali matatu kabla ya kutoa kitu cha kwanza. Mtoto akimwona mzazi wake akihesabu vipande 24 mbele ya mtunzaji na kurudisha 24, amesoma somo la amana ambalo hotuba zetu ndefu haziwezi kumfundisha.

Allah (s.w.) atujaalie kuwa wenye kutunza amana na wenye kupendeleana kheri. Wabillahi tawfiq.